Kilwa Katika Daftari la Dunia: Historia ya Majina, Rekodi na Namba

Kila maktaba kubwa ina orodha mbili. Ya kwanza anaijua kila msomaji: ni orodha ya vitabu. Ya pili wanaishughulikia wakutubi wenyewe, na wasomaji wengi hawajawahi kuisikia: ni orodha ya majina. Humo kila mwandishi, kila mtawala, kila mji na kila taasisi hufunguliwa rekodi yake. Rekodi husema ni jina lipi litakalotangulia katika katalogi, ni majina gani mengine yanayomhusu mtu huyohuyo, aliishi lini, na mkutubi alizitoa wapi habari hizo. Pasipo rekodi hiyo, kazi za mtu mmoja hutawanyika chini ya majina matano, na watu watano wenye jina moja huhesabiwa kuwa mmoja.

Mataifa yametumia zaidi ya nusu karne kutafuta njia ya kuzifanya rekodi hizi zielewane kutoka nchi hadi nchi, kwanza kwa kukubaliana juu ya jina, kisha kwa kukubaliana juu ya namba. Nataka kuisimulia kazi hiyo kwa kufuata majina ya pwani ya Kilwa na Lindi. Majina ya pwani hii yameandikwa kwa Kiarabu, kwa Kireno, kwa Kijerumani, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kwa hati mbili tofauti, na karibu kila tatizo ambalo wakutubi wa dunia wamepambana nalo lilikwisha kutokea hapa mapema.

Sultani mmoja, majina mengi: 1331

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja huko Moroko, alifika Kilwa. Katika habari za safari yake mji unaitwa Kulwa, na mtawala aliyemkuta anaitwa Abu al-Muzaffar Hasan. Ibn Battuta anaongeza kwamba watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa sababu ya wingi wa vipawa na ukarimu wake.

Sarafu zilizopigwa Kilwa zinamtaja sultani huyo kwa jina jingine: al-Hasan bin Sulaiman. Moja ya sarafu zenye jina hilo iliokotwa mbali sana na bahari, katika magofu ya Great Zimbabwe, na ikawa ushahidi wa biashara ya dhahabu iliyoliunganisha bara na bandari hii. Katika jumba la Husuni Kubwa, kwenye kisiwa chenyewe, waakiolojia walikuta maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa yakimwombea dua mtawala huyo, nayo yanamtukuza kwa cheo cha al-Malik al-Mansur.

Jina la kuzaliwa, lakabu ya sifa na cheo cha kifalme vyote ni vya mtu mmoja. Juu ya hayo ipo desturi ya mjukuu kurithi jina la babu, ambayo pwani yetu inaifuata hadi leo. Babu yake sultani huyu aliitwa al-Hasan bin Talut, baba yake Sulaiman, naye mwenyewe akaitwa al-Hasan. Mwenye kuisoma orodha ya masultani wa Kilwa hukutana na Hasan, Sulaiman, Ali na Daud wakijirudia kizazi baada ya kizazi. Kuwatenganisha kunahitaji jina la baba, mara nyingine la babu, na tarehe. Mambo hayohayo ndiyo yanayodaiwa na rekodi ya maktaba ya leo.

Kitabu kimoja, nyumba mbili: 1505 hadi 1895

Tarehe 24 Julai 1505 Wareno wakiongozwa na Francisco de Almeida waliivamia Kilwa, wakaiteka na kujenga ngome. Waliondoka mwaka 1512, lakini walikuwa wamekwisha kuchukua habari za ukoo wa watawala wa mji. Habari hizo zilimfikia mwanahistoria João de Barros huko Lisbon, ambaye mwenyewe hakuwahi kufika Kilwa. Mwaka 1552 alizichapisha ndani ya kitabu chake cha historia ya Wareno katika nchi za mashariki. Kilwa ikawa Quiloa, na wafalme wake wakavaa majina ya matamshi ya Kireno. Tahajia hiyo ilisambaa Ulaya hata mshairi wa Kiingereza John Milton akaitumia katika utenzi wake mkuu wa mwaka 1667.

Wakati huohuo watu wa Kilwa walikuwa na kitabu chao wenyewe. Katika karne ya 16 mwandishi ambaye jina lake halikutufikia alitunga kwa Kiarabu historia ya mji, Kitab al-Sulwa fi akhbar Kulwa. Baada ya zaidi ya miaka 300, Sayyid Barghash bin Said wa Zanzibar alimpa nakala ya kitabu hicho Sir John Kirk, mwakilishi wa Uingereza, naye katika miaka ya 1880 akaikabidhi Makumbusho ya Uingereza mjini London. Ilipofika ilipewa alama ya Or. 2666, na kwa alama hiyo inajulikana hadi leo katika Maktaba ya Uingereza. Mwaka 1895 Arthur Strong aliichapisha katika jarida la Jumuiya ya Kifalme ya Asia.

Hapo ndipo ugumu ulipojitokeza wazi. Historia ya Barros na historia ya Kiarabu zinatoka kwenye shina moja, lakini hazilingani. Wafalme wengine wamo katika moja na hawamo katika nyingine, na miaka ya kutawala inapishana. Mwanzilishi wa nasaba ya Washirazi ni Ale kwa Barros na Ali bin al-Husayn katika nakala ya Kiarabu, ambayo pia inahifadhi lakabu yake ya Kiswahili, Nguo Nyingi. Sarafu za kale zaidi zinazohusishwa na Kilwa zina jina la Ali bin al-Hasan. Kati ya Hasan na Husayn kwa hati za Kiarabu tofauti ni herufi moja tu. Je, huyu ni mtu mmoja, au wawili, au watatu? Mkutubi anayefungua rekodi hawezi kulikwepa swali hilo, kwa sababu kila uamuzi wake utaamua ni vitabu vipi vitakaa pamoja.

London ilikuwa na kanuni tangu mapema. Mwaka 1841 Antonio Panizzi, mkutubi wa Makumbusho ya Uingereza, alichapisha kanuni zake 91 za kupanga katalogi. Mwaka 1876 Charles Cutter wa Marekani alieleza lengo kwa uwazi zaidi: katalogi lazima imwezeshe msomaji kukipata kitabu anachokijua, na pia imwonyeshe kazi zote za mwandishi mmoja ambazo maktaba inazo. Lengo hilo la pili ndilo lililozaa orodha ya majina. Mwaka 1901 Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza kuziuzia maktaba nyingine kadi zilizochapwa, na jina lililochaguliwa Washington likaingia katika makabati ya kadi ya miji mingi kwa mpigo.

Kanuni hizo zilitungwa kwa ajili ya watu wenye majina ya ukoo. Mzungu huandikwa jina la ukoo kwanza, kisha lake mwenyewe. Mtu wa Kilwa au Lindi hana jina la namna hiyo: ana jina lake, la baba yake na la babu yake.

Maji Maji na mshairi wa Lindi: 1905 hadi 1969

Mwezi Julai 1905 vita vya Maji Maji vilianza Nandete, katika milima ya Wamatumbi nyuma ya Kilwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye maji yake yaliwapa watu moyo wa kuinuka, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwezi Agosti mwaka huohuo. Vita viliendelea hadi 1907 na kuenea kusini mwote. Tangu hapo jina la Kinjikitile limeandikwa kwa namna nyingi. Vitabu vingine vinamwita Bokero, na vingine vinamtenga kabisa Bokero na Kinjikitile.

Wakati vita vinamalizika, mjini Berlin Carl Velten alichapisha mwaka 1907 mkusanyiko wa nathari na mashairi ya Waswahili. Ndani yake zimo habari za kale za Kilwa, Lindi, Sudi na Mikindani, zilizosimuliwa na watu wa pwani yenyewe. Katika katalogi kitabu hicho kinakaa chini ya jina la Velten. Msimulizi asiyetajwa juu ya jalada hakufunguliwa rekodi, na kazi yake ikahesabiwa kuwa ya mkusanyaji.

Mshairi Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alikuwa na bahati zaidi kidogo kuliko wasimulizi hao. Utenzi wake wa vita vya Maji Maji ulichapishwa Ujerumani mwaka 1933 pamoja na tafsiri ya Kijerumani, kisha mwaka 1957 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikautoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Jina lake lilibaki juu ya kazi yake. Lakini amtafutaye katika katalogi atafute wapi? Chini ya Abdul, chini ya Karim, au chini ya Jamaliddini? Je, Abdulkarim liandikwe kwa neno moja? Je, jina la baba lifuate matamshi ya Lindi, au lirudishwe kwenye Jamal al-Din ya Kiarabu sanifu? Kila jibu lina hoja yake. Maktaba mbili zinazojibu tofauti zitakuwa na washairi wawili mahali alipokuwapo mmoja.

Mwaka 1967 mtafiti G. C. K. Gwassa, akiwa katika Chuo Kikuu Dar es Salaam, aliwahoji wazee waliovikumbuka vita hivyo, na mwaka uliofuata yeye na John Iliffe wakachapisha sehemu ya kumbukumbu hizo. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hii ya kusini, alitoa tamthilia ya Kinjikitile. Kuanzia hapo jina moja lilikuwa na kazi mbili katika katalogi: Kinjikitile mtu wa historia, na Kinjikitile kitabu cha tamthilia. Mwandishi mwenyewe anaonekana kama Ebrahim Hussein mahali pamoja na Ebrahim N. Hussein mahali pengine, huku orodha za kizungu zikimgeuza ili Hussein itangulie.

Paris na Dar es Salaam: 1961 hadi 1977

Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, wakutubi kutoka nchi 53 walikutana Paris katika makao makuu ya UNESCO. Mkutano uliitishwa na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba lililoundwa mwaka 1927. Hadi wakati huo Wajerumani walikuwa na kanuni zao, Waingereza na Wamarekani zao, na nchi nyingine zao. Paris walikubaliana juu ya misingi ya pamoja. Kwa majina ya watu walipitisha jambo lenye uzito mkubwa kwetu: neno la kuanzia liamuliwe, kadiri inavyowezekana, na desturi ya nchi ambayo mwandishi ni raia wake.

Msingi huo uliondoa, angalau kwenye karatasi, haki ya London au Washington kumgeuzia mtu wa Lindi jina lake. Lakini desturi ya nchi lazima iandikwe ndipo mgeni aifuate. Mwaka 1967 A. H. Chaplin na Dorothy Anderson walitoa kupitia IFLA kitabu cha desturi za majina ya watu, nchi baada ya nchi, na kitabu hicho kikawa kinarekebishwa kila baada ya miaka kadhaa.

Upande wetu, ujenzi wa maktaba za taifa ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Sheria ya mwaka 1963 iliunda bodi ya huduma za maktaba ya Tanganyika. Mwaka huohuo shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ilifunguliwa Makerere. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Julius Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Kufikia miaka ya 1970 Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ilikuwa ikitoa bibliografia ya taifa, yaani orodha ya vitabu vinavyochapishwa nchini.

Marekani nayo ilikuja karibu. Mwaka 1966 Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua ofisi Nairobi ya kununua na kuorodhesha machapisho ya Afrika Mashariki, na kuanzia 1968 ofisi hiyo ikatoa orodha ya vitabu ilivyovipata, vya Kiswahili vikiwemo. Kazi hiyo imewafaa sana wasomaji wa dunia. Matokeo yake mengine ni kwamba rekodi za waandishi wengi wa Kitanzania zinazosomwa ng'ambo zilianzia katika mfumo wa Washington.

Mwaka 1974 IFLA ilifungua London ofisi ya mpango wake wa udhibiti wa bibliografia duniani, chini ya Dorothy Anderson. Fikra yake ilikuwa rahisi na ya haki. Kila nchi iorodheshe vitabu vyake yenyewe, mara moja na kwa uangalifu. Kila nchi ithibitishe majina ya waandishi wake yenyewe. Na nchi nyingine zote zipokee kazi hiyo. Kwa mpango huo rekodi ya Abdul Karim bin Jamaliddini ilipaswa kuthibitishwa Dar es Salaam, na Berlin na London zingeipokea kutoka kwetu. Mwaka 1977 mkutano wa kimataifa wa bibliografia za taifa, uliofanyika Paris, uliutia nguvu mwelekeo huo.

Haki ilipatikana, lakini wajibu ulikuja nayo. Kuthibitisha majina kunahitaji wakutubi wa kutosha, vitabu vya rejea, na baadaye kompyuta. Nchi zilizokwisha kuwa navyo zilisonga mbele haraka. Nchi nyingine zilibaki na haki ambayo hazikuwa na uwezo wa kuitumia kikamilifu.

Tarehe zinapohama: 1960 hadi 2014

Wakati wakutubi wanajadiliana Paris, Neville Chittick alikuwa akichimba Kilwa Kisiwani. Kazi ya miaka hiyo ya 1960 ilitoka mwaka 1974 katika majuzuu mawili. Kwa kufuata tabaka za udongo na sarafu zilizomo, Chittick alipinga tarehe za karne ya 10 zilizokuwa zikitolewa kwa kuja kwa nasaba ya Washirazi, akamsogeza Ali bin al-Hasan hadi karibu mwaka 1200.

Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, ilipatikana akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Zilikuwamo zenye jina la Ali bin al-Hasan, na pamoja nazo dinari za dhahabu za kigeni zenye tarehe, ya mwisho ikiwa ya karne ya 11. Sultani aliyekwisha kupelekwa mbele kwa zaidi ya karne moja akarudishwa nyuma.

Wakati tarehe za watu zinahama, mahali penyewe palipata namba isiyohama: mwaka 1981 UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa namba 144. Mwaka 2004 yalihamishiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 yakaondolewa huko baada ya ukarabati. Katika miaka hiyo yote namba ilibaki ileile. Jina la mahali laweza kuandikwa kwa Kifaransa, Kiingereza au Kiarabu, na maarifa juu yake yaweza kubadilika, lakini namba 144 inabaki kuelekeza kwenye visiwa vilevile. Wakutubi walitaka kitu cha namna hiyo kwa watu: Ali bin al-Hasan ahamishwe karne, asahihishwe jina la baba, na bado kila kilichoandikwa juu yake kiendelee kupatikana.

Ndoto ya namba moja: 1978 hadi 1998

Vitabu vilikuwa vimekwisha kupata namba. ISBN ilianzia Uingereza mwaka 1967 na kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1970. Vitabu vyetu vingi vinatambulika kwa 9976 au 9987 ndani ya namba zao. Lakini ISBN hutambulisha toleo moja la kitabu. Haisemi mwandishi ni nani, na kazi zilizotangulia mfumo huo, kama chapa ya 1933 ya utenzi wa Lindi, hazina namba hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 IFLA iliunda kikundi cha kazi, Tom Delsey akiwa kiongozi wake, kitafute mfumo wa kimataifa wa rekodi za majina. Mwaka 1984 ulitoka mwongozo wa kuandika rekodi hizo, na ndani yake ikatengwa nafasi ya namba ya kimataifa ya rekodi ya jina, ISADN. Mwaka 1991 ulifuata muundo wa kuzipitisha rekodi kutoka kompyuta hadi kompyuta, UNIMARC ya majina. Mwaka 1993 Françoise Bourdon wa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa alichapisha uchunguzi mrefu juu ya ushirikiano huo, akiitetea namba hiyo kama nguzo yake.

Nafasi ilitengwa lakini haikujazwa. Nani angeigawa namba? Ikiwa kila nchi ingegawa yake, nani angezuia Ibn Battuta kupata namba Rabat, nyingine Paris na nyingine Cairo? Ikiwa ingekuwapo ofisi moja, nani angeilipia? Na rekodi ikigunduliwa kuwa imechanganya watu wawili, namba ya zamani ibaki na nani? Kwa orodha ya masultani wa Kilwa swali hilo la mwisho si la kubuni: historia yao imekwisha kuwatenganisha na kuwaunganisha mara kadhaa.

Jina moja laachwa: 1998 hadi 2012

Mwaka 1998 kikundi kingine cha IFLA, ambacho Barbara Tillett wa Maktaba ya Bunge la Marekani alikuwa miongoni mwa mihimili yake, kilitoa taarifa iliyobadilisha mwelekeo. Kilisema haifai kuilazimisha dunia nzima kutumia umbo moja la jina. Msomaji wa Kichina anahitaji jina kwa Kichina, wa Kiarabu kwa Kiarabu, wa Kiswahili kwa Kiswahili. Rekodi za nchi mbalimbali ziunganishwe bila kufutana, na namba ambazo maktaba za taifa zilikwisha kuzitoa kwa rekodi zake zitumike kuziunganisha.

Jaribio lilianza hapo. Mwezi Agosti 2003, wakati wa mkutano wa IFLA mjini Berlin, Maktaba ya Bunge la Marekani, Maktaba ya Taifa ya Ujerumani na ushirika wa maktaba wa OCLC walitia saini makubaliano ya kujenga VIAF, mfumo wa kuunganisha rekodi zao za majina. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ilijiunga mwaka 2007, na mwaka 2012 VIAF ikawa huduma ya kudumu chini ya OCLC. Kompyuta hulinganisha majina, tarehe na orodha ya kazi kutoka kila maktaba, kisha huzikusanya rekodi za mtu mmoja kwenye fungu moja na kulipa fungu hilo namba. Kila maktaba hubaki na umbo lake.

Mwezi Agosti 2007 wataalamu wa nchi za Afrika kusini ya Sahara walikutana Pretoria, mkutano wa tano na wa mwisho katika mfululizo ulioanzia Frankfurt mwaka 2003, kuiandika upya misingi ya Paris. Tamko lililotoka mwaka 2009 liliweka manufaa ya msomaji juu ya kanuni nyingine zote. Katika miaka hiyohiyo Tillett alikamilisha tathmini ya ISADN, na wazo la namba ya kugawiwa na IFLA likawekwa kando, macho yakielekezwa kwa VIAF na kwa namba nyingine iliyokuwa ikitayarishwa.

Namba hiyo ni ISNI, iliyotangazwa mwaka 2012 kama kanuni ya kimataifa ISO 27729. Ina tarakimu 16, ya mwisho ikiwa ya kuhakiki. Haiwahusu waandishi peke yao, bali pia wanamuziki, waigizaji, watafiti, wachapishaji na taasisi. Haki za wasanii, malipo ya kazi zao na utafutaji wa mtandaoni vyote vinaweza kupita humo.

Kazi iliyobaki

Safari ya kuanzia Paris 1961 hadi ISNI 2012 imempa msomaji wa Kiswahili jambo alilokuwa akilikosa. Kuandikwa vizuri Washington hakumlazimu tena Abdul Karim bin Jamaliddini kubadilishwa jina. Anaweza kukaa kwa jina lake la Lindi katika katalogi ya Dar es Salaam, kwa umbo jingine Berlin, na namba ikasema kwamba ni yeye yuleyule.

Lakini kompyuta huunganisha kile ilichopewa. Rekodi yenye jina tupu, bila mwaka, bila mji, bila orodha ya kazi, hubaki peke yake au huunganishwa na ya mtu mwingine. Majina yetu yako katika hatari hiyo zaidi ya mengi, kwa sababu Hasan bin Sulaiman ni wengi, na kwa sababu vitabu vingi vya Kiswahili havitaji hata mwaka wa kuzaliwa wa mwandishi. Asiyeandikiwa rekodi kabisa, kama wasimulizi wa Velten, hana namba ya kumtafutia.

Wajibu ambao mpango wa 1974 uliukabidhi kila nchi haujafutwa na teknolojia. Bodi ya Huduma za Maktaba, vyuo vikuu na chuo cha ukutubi cha Bagamoyo wana wataalamu wa kuanza na waandishi wa mkoa mmoja na kuwaandikia rekodi kamili: jina kama walivyolitumia wenyewe, maumbo mengine yote, mahali, tarehe, kazi na ushahidi wake. Lindi ingefaa kuwa ya kwanza. Maofisa utamaduni wa wilaya na wazee wa Kilwa Kivinje, Kilwa Kisiwani na mjini Lindi wanajua nasaba ambazo hakuna mkutubi wa ng'ambo anayeweza kuzikisia. Wachapishaji nao watie nyuma ya ukurasa wa jina habari kamili za mwandishi, na mwandishi ajichagulie umbo moja la jina lake na kulishika katika vitabu vyake vyote.

Gharama ya kazi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya kuiacha. Kilwa ilipiga sarafu zenye majina ya watawala wake wakati miji mingi ya dunia haikuwa na sarafu yake yenyewe, na kwa majina hayo historia yake imethibitishwa. Watu wake wa kalamu wanastahili rekodi zilizoandikwa kwa uangalifu huohuo, na wa kuziandika ni sisi.